Mtani Aliyenuna

Bignona, Casamance
14 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Diégane,

Mimi kaka yako Ngor Faye, mwenye miaka sabini na tisa, niliyewazika wake wawili na kuushinda ukame mkubwa, nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiona herufi zinapinda, ni kalamu. Je, huko Libreville mgongo wako umepoa? Sisi tu wazima, tunakula.

Vita bado, ila mpunga tumevuna. Jambo hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa Latyr Diouf, yule Mserer mwenzetu.

Mpunga uliiva, lakini njia ya kwenda mashambani bondeni ilikuwa imetegwa mabomu. Wapiganaji wa msituni, Wajola, wako huku, askari wa serikali kule. Nani awaendee wote? Mserer kama mimi. Wajola ni watani wetu tangu mababu, hawamwagi damu yetu, na askari wanajua sina upande. Nikatunga mapendekezo matatu, kwa kichwa changu, si cha Latyr: mabomu ya njia ile yateguliwe, bunduki zinyamaze siku kumi, wanawake wavune.

Kapteni wa kambi akakubali. Nikaenda msituni na mzee Landing Badji, jirani yangu Mjola. Mkubwa wao akanipokea: "Karibu mtumwa wangu. Mtama umekushinda, umekuja kuomba wali?" Nikamjibu, "Nimekuja kuhesabu watumwa wangu, nasikia mmejificha." Wakacheka mpaka wakaweka bunduki chini. Nani mwingine angeweza?

Kisha akasema, "Lakini wangemtuma Latyr. Yule ulimi wake mtamu kukupita."

Diégane, nilipandwa na hasira. Nikatupa kofia chini, nikasema Latyr hata kufunga suruali nimemfundisha mimi. Landing akaiokota kofia. "Twende, Faye. Mtani akinuna, hapatanishi tena."

Ndiyo mila, unaijua. Wakamwita Latyr. Akapeleka maneno yangu yaleyale, akatukanwa asubuhi nzima, akachekacheka tu, akarudi na jibu la ndiyo. Sasa kila nyumba inamkaribisha pombe ya mchikichi. Na meno hana.

Binti yangu Coumba alishuka bondeni na wenzake thelathini. Wakarudi thelathini na mmoja, kila mtu na miguu yake. Akanipikia wali mpya. Nikala, na katika kila tonge nikamwona Latyr.

Juzi kaja mlangoni kwangu. Pande zote zinataka kuongea tena, naye hana la kupeleka. Nikamwacha asimame juani. Kisha nikampa pendekezo la nne.

Msalimie shemeji Ndella na wanao. Mababu wakufunike popote ulalapo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Ngor Faye

Ukitia shaka, muulize Landing Badji. Na Coumba, aliyemletea Latyr kiti bila ruhusa yangu.