Diski Uliyoichonga Mwenyewe

Ugonile, Asegelile, umelalaje? Usijibu, najua umelala.

Nikupe habari. Tangu tukuzike, gereji yako hapa Bulyaga inakwenda vizuri kuliko enzi zako, na mimi nachonga diski za breki mpaka madereva wa Mbeya wanakuja kunitafuta.

Haya, uongo. Diski ya kwanza niliyoiweka kwenye mashine yako ilitoka imepinda. Mwenye gari akikanyaga breki, usukani unacheza kuliko walivyocheza watu msibani kwako. Hajarudi.

Jipya ni hili. Binti yako Neema, ambaye sasa anaendesha ile pikapu yako kubeba ndizi za Ikuti, alikuja kubadilisha pedi. Nikafungua tairi, nikapitisha kucha kwenye diski kama ulivyozoea wewe. Kucha ikakwama kwenye mtaro. Dawa yake ni kuchonga uso ulainike, pedi mpya zikae sawa. Ila hii umeshaichonga wee, imebaki kama bati. Ikichongwa tena, siku moja kwenye mteremko, na mzigo, na mvua hii yetu, itapasuka naye.

"Hii tunatupa," nikamwambia.

"Baba mdogo, hiyo baba aliichonga wiki ile aliyougua. Weka pedi tu, usiiguse."

"Pedi mpya kwenye mitaro hii zitatafunwa kama mahindi mabichi. Baba yako angekuwa ameshaitupa migombani."

"Baba hayupo."

Nikaichomoa diski, naye akaichukua mikononi mwangu.

Basi pikapu iko juu ya mawe. Diski nyingine nimeshaipata, iko mezani. Ndizi zinaiva huko Ikuti, na mwanao kapakata chuma kilichokwisha. Mimi nikifa, sidhani kama kuna atakayepakata hata nyundo yangu.

Akiiachia, nakuahidi siwapi watu wa vyuma chakavu. Nitaitundika juu ya mashine, initazame ninavyoharibu kazi.

Haya, endelea kulala, mzee mwenzangu. Ila kuna fadhila yangu hujailipa. Ulipokuwa ukimwambia mkeo umekwenda Mbeya kufuata spea, mimi ndiye niliyekuwa naapa kwake kuwa ni kweli. Sasa mtokee Neema ndotoni, mara moja tu, umwambie aiachie. Mwambie taratibu. Zile kelele zako niwekee mimi.