Wangemwacha Sakafuni

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Mmeamkaje huko Malindi? Mguu wa Mama umepoa, au bado anausingizia ili asipande ngazi za kwako? Mimi ni mzima wa mwili, na tumbo linaendelea kunitangulia kila mahali. Moyo ndio umechacha, na leo huna budi kunisikiliza.

Unamkumbuka Okech, mwenye nyumba wangu hapa Kisian, yule aliyekuita "shemeji" kwenye simu kabla hata hajakujua jina? Tumemzika Jumamosi.

Ilikuwa mchana. Tulikuwa sebuleni kwake tumeshiba samaki na ugali, ananicheka kama kawaida yake: "Bwana Athumani, mtu wa pwani mzima unakula samaki kama unaogopa itakuuma!" Nikainamia sahani kutafuta jibu. Nilipoinua kichwa, alikuwa amelegea kwenye kochi, mdomo wazi. Nikamwita, nikamtikisa. Hapumui.

Mwaka huu tajiri wetu alitupeleka mafunzo ya huduma ya kwanza, sisi mafundi wa majokofu ya samaki kule Asembo Bay. Tulijifunzia kwa mwanasesere. Mwalimu alinisuta mbele ya wote: "Mzee, unabonyeza kifua ama unabembeleza mtoto alale? Nyoosha mikono! Sukuma kwa nguvu, haraka haraka, na kila mara uache kifua kiinuke." Na jambo moja alilirudia mpaka tukachoka: mgonjwa alale mahali pagumu.

Nikamwambia Mama Akinyi, mkewe, apige simu gari la wagonjwa lije. Mimi nikaanza palepale kwenye kochi. Lo! Kochi lile jipya alilojivunia lilimmeza. Nikisukuma, anazama yeye na mito yake, kifua hakibonyei. Nikamburuta hadi kwenye simenti, nikapiga magoti, nikaweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, nikasukuma kwa uzito wote huu mnaoucheka. Dada, kilibonyea. Nikasikia ubavu ukilia, nikaendelea. Midomo iliyokuwa ya kijivu ikaanza kupata rangi. Akakoroma.

Hapo ndipo kaka yake mkubwa alipoingia na majirani.

"Ndugu yangu amekufa?"

"Bado, Mzee. Niachie."

"Sasa kama hajakufa, mbona unamlaza chini kama maiti? Kwa nyumba yake, na viti imejaa?"

"Mzee, kwenye kochi kifua hakibo—"

"Nyinyi watu wa kuja ndio mtatufundisha? Mwinueni!"

Wakamwinua, Mama Akinyi akimshika kichwa. Mimi niling'ang'ania mguu, wakanibandua kama mtoto. Nikamfuata kwenye kochi, nikasukuma mpaka jasho likaniingia machoni. Ilikuwa kama kukanda unga juu ya godoro. Midomo ikarudi kijivu. Gari lilipofika, lilibeba maiti.

Sasa hapa naitwa yule aliyemlaza Okech chini kabla hajafa. Matangani walinikalisha nyuma, karibu na masufuria, na kaka mtu akashukuriwa mbele ya watu kwa kumpa ndugu yake heshima.

Juzi Mama Akinyi alikuja mlangoni kwangu. Alikataa kuketi.

"Bwana Athumani, niambie ukweli. Tungemwacha pale chini, angeishi?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Alikuwa ameshaenda."

Akanishukuru, akajifuta macho kwa leso, akaenda. Wewe nakwambia: sijui. Lakini ile midomo niliiona kwa macho yangu.

Nisalimie Mama, ila habari hii usimsomee. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi muuza mahamri, mwambie huku sijapata ya kumfikia. Na wote waambie, mtu akianguka akawa hapumui, wamshushe sakafuni. Wakionekana hawana adabu, na waonekane.

Mdogo wako mnene,
Athumani