Uzi wa Nane

Magwagwa, Nyamira
4 Februari 2025

Kwa mke wangu Nyanchama,

Bwakire. U mzima? Koo lako nalo? Mimi ni mzima kuanzia magoti kushuka chini. Kuanzia shingo kupanda juu tutaongea. Ng'ombe hawajambo. Shangazi yako Damaris ni mzima kupita kiasi.

Nimekusikia. Siku walipoonyesha tena ile sherehe yako ya tuzo, nilikuwa dukani kwa Urvish pale Nyamira mjini, anapouza redio na televisheni, na nikakusikia neno kwa neno, tangu pumzi ya kwanza mpaka makofi. Niliwaambia watu waliojaa mlangoni kwamba kwenye ubeti wa pili umepanda juu kidogo kuliko inavyofaa, na kwamba mimi ndiye mwalimu wako, nitakurekebisha. Mama mmoja akaninunulia soda.

Basi, soda imeshuka, niseme ukweli. Sikusikia kitu. Niliona mdomo wako ukifunguka na kufungika kama wa samaki, na watu wa pale mbele wanalia. Hilo kosa la ubeti wa pili nililibuni tu. Sikio la kulia lilizima mwaka juzi, nikasingizia nta. La kushoto linamfuata mwenzake. Daktari alilichungulia kwa kurunzi, halafu akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama mtoto wa chekechea, kwamba halitamaliza mwaka. Ndiyo maana ukipiga simu Damaris anakwambia nimelala. Silali. Nimekaa hapo hapo namtazama akidanganya, na kwa mtu wa Sabato anadanganya vizuri sana.

Sasa sikiza. Kabla halijafunga, njoo uniimbie mara moja, kwa mdomo wako, bila umeme, ule wimbo wa marehemu bibi yako. Alikuachia jina, ndiyo sababu nakuita mke wangu na hakuna wa kunishtaki. Alikuachia na wimbo, aliokuwa akiimba akichuma chai, ndio ule uliouweka ndani ya wimbo wako "Ukungu" ukapewa kombe. Wao wanakuita Malkia Nya, kana kwamba jina lililobaki limeliwa na mchwa.

Na ukija, njoo na uzi wangu. Usijifanye umesahau. Ulikuwa na miaka tisa. Obokano yangu, kinubi changu cha Kikisii, ilikuwa na nyuzi nane kama obokano ya mtu yeyote mwenye heshima zake, ukaukata wa nane ukatungia shanga, ukaapa mbele ya bibi yako kwamba utaurudisha. Miaka ishirini napiga nyuzi saba. Najua Urvish anauza uzi wa kuvulia samaki. Lakini mimi sikuukata, kwa nini niununue?

Sokoro wako na mumeo wa bure,
Obadiah


Nairobi, 23 Februari 2025

Kwa Sokoro, babu yangu mtundu,

Bwakire buya. Habari za magoti? Mimi niko salama, ila usingizi umenihama.

Barua yako niliisomea garini nikienda kupiga picha, ikabidi wanipake rangi za uso upya mara mbili. Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia shangazi, "Mwache apumzike, nitapiga kesho." Ninyi wawili mtajibu mbele ya Mungu.

Nimempata daktari wa masikio hapa Nairobi. Najua utasema hapana, kwa hiyo tayari nimekasirika. Lakini Pasaka nakuja. Nimeandika kwenye kalenda ya Eric, meneja wangu, kwa wino mwekundu: MAGWAGWA. Akauliza ukumbi wa huko unachukua watu wangapi. Nikamwambia mmoja.

Uzi sijasahau. Shanga zile ninazo mpaka leo.

Mjukuu wako,
Nyanchama


Magwagwa, 27 Aprili 2025

Kwa mke wangu anayeonekana kwenye mabango tu,

Bwakire. Umelala? Umekula? Huku mvua imekubali, chai inachanua majani mpaka wachumaji wanalalamika.

Pasaka ilikuja. Wewe hukuja nayo. Damaris alichemsha mboga za chinsaga siku mbili kutoa uchungu, na jogoo nilimchagua mwenyewe, yule mwenye kiburi kama wa kiongozi wa kwaya. Jirani yetu Manasseh akaja na simu, akanionyesha uko Lagos, umevaa nguo ya vioo, watu wengi kama mchanga. Nikamuuliza pale Lagos kuna babu kiziwi? Akasema hajui. Jogoo tulimla sisi. Alikuwa mgumu.

Sina kinyongo. Ukipanda mti mrefu upepo unakuwa wako. Daktari wako wa Nairobi mwambie nimemsalimu, na asinisubiri. Ila nikueleze nilichoota, kwa sababu Damaris anasema ndoto zangu ni za njaa.

Nilimwota bibi yako. Alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, ukungu umemfika kiunoni hivi kwamba hakuwa anatembea, alikuwa anaelea kama mtu aliye ndani ya maziwa. Alikuwa anaimba. Kila akifungua mdomo, majani yaliyo mbele yake yanainama. Nikamwambia, "Mama, ongeza sauti." Akacheka. Akainua vidole vinane, akakunja kimoja. Halafu ukungu ukamfunika polepole, vikabaki vile vidole saba peke yake juu ya chai, kama ndege waliotua.

Nilipoamka nikaivuta obokano, nikaung'ata ule mti wake wa juu, kama marehemu baba alivyofanya akitaka kupatanisha nyuzi penye kelele. Kuna kitu kilinung'unika ndani ya fuvu. Sijui kilikuwa ni uzi au ni njaa.

La kushoto bado linasikia ngurumo, na mlango ukipigwa kwa hasira.

Sokoro wako,
Obadiah


Berlin, 15 Julai 2025

Kwa Sokoro,

Bwakire, ingawa hapa sijui ni asubuhi ya nani. Jua halitaki kuzama, nimefunga pazia na bado chumba kina rangi ya chai ya maziwa. Afya yako? Sikio? Niambie ukweli, si ule wa kununuliwa soda.

Nimeimba miji kumi na miwili. Nimepewa tuzo nyingine, ya kioo, nzito kama jiwe la kusagia wimbi. Wiki iliyopita nami niliota. Niko jukwaani, ukungu ukapanda kutoka miguuni. Wale watu wote mbele yangu walikuwa na vikapu mgongoni. Nikaimba, sikujisikia. Nikaimba kwa nguvu zaidi, nikaona tu majani yakiinama. Niliamka nimeshika koo.

Nimefanya jambo kwa ajili yako. Pesa za hii ziara nimenunulia vifaa vya kusikia. Ijumaa tarehe 22 Agosti nitakuwa Nyamache kuvigawa, watoto mia mbili na wazee ishirini. Njoo, jina lako likae mbele. Usipoweza kusafiri, kutoka pale nakuja kwako moja kwa moja na chako mkononi. Safari hii si kalenda ya Eric. Ni mimi.

Mjukuu wako,
Nyanchama


Magwagwa, 3 Septemba 2025

Kwa Nyanchama,

Bwakire. Natumaini u mzima huko ulikoshukia.

Nilikuwa Nyamache. Shika mahali ukae.

Nilivaa koti la arusi yangu, nikaondoka kabla ng'ombe hawajakamuliwa, nikabadilisha gari Kisii mjini. Msichana wa kuandikisha akaniuliza jina kwenye kikaratasi. Obadiah wangemweka kwenye kiti cha mbele na maji ya chupa, kama mama mkwe. Mimi nilitaka nikushtue. Nikaandika Ochoki. Mpango wangu ulikuwa hivi: wewe unainama kuniwekea kile kidude, uso hapa, unafikiri ni mzee tu wa watu, na mimi nakuuliza sikioni, "Uzi wangu uko wapi?"

Uliwawekea kumi kwa mkono wako. Nilikuona. Ulikuwa unawashika watoto kidevu kama bibi yako alivyokuwa akishika ndama. Mimi nilikuwa wa arobaini na moja. Niliwekewa na muuguzi Jemimah, mikono baridi, mtu mwema. Akabonyeza kitu, dunia ikafunguka kama bati linapasuliwa, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya helikopta yako ikiondoka. Vumbi likachukua kofia yangu.

Nilijua basi utakuwa umetangulia Magwagwa. Nikafika nyumbani, Damaris amepanga vikombe.

Kifaa nakushukuru. Nasikia jogoo. Nasikia mahubiri yote, adhabu niliyokuwa nimeikwepa. Lakini muziki hakiwezi. Urvish aliniwekea "Ukungu" mpaka mwisho, ikatoka kama kuku ndani ya pipa. Nikamwomba azime. Nikamwambia ni nzuri.

Obadiah


Nairobi, 8 Septemba 2025

Sokoro,

Sina salamu inayofaa.

Nilipofika Nyamache kitu cha kwanza nilichoomba ni orodha. Nilitafuta Obadiah kutoka juu mpaka chini, mara tatu. Hakuwapo. Nikasema amekasirika, amekataa hata kuja. Eric akaniambia mawingu yanakuja na Kampala wanasubiri. Mawingu hayakunipeleka. Niliogopa kuja kuutazama uso wako, nikapanda.

Kidevu chako kilikuwa hatua thelathini kutoka kwangu.

Niandikie, hata matusi.

Nyanchama


Nairobi, 20 Novemba 2025

Kwa Sokoro wangu,

Bwakire. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Dereva wa Urvish, anayetubebea barua, anaapa anazifikisha.

Jana shangazi hakunidanganya. Alisema sikio lilifunga mwezi wa kumi, na kifaa sasa umekitundika kwenye msumari pamoja na miwani. Alisema unakaa na obokano ukiwa umeukabili ukuta, hupigi, umeikumbatia tu. Nikasema nipe nizungumze naye. Ndipo nikakumbuka kwamba husikii.

Desemba tarehe 13 natakiwa niimbe kwenye tuzo kubwa kuliko zote, Afrika nzima ikitazama, na wanasema kombe ni langu nikifika kulipokea. Nimemwambia Eric sitakwenda. Alikaa sakafuni na suti yake.

Nakuja peke yangu. Sijui nitafanya nini nikifika. Nimechelewa, nitakuimbia na hutasikia, na itakuwa haki yangu. Lakini nitaimba.

Mjukuu wako,
mke wako wa bure,
Nyanchama


Magwagwa, 29 Desemba 2025

Kwa mke wangu,

Bwakire. Umefika salama? Koo halijambo? Huku ng'ombe wanakutafuta, na Damaris ameanza kulia kwa zamu, asubuhi na baada ya chai.

Nimekusikia. Safari hii hakuna soda.

Nakuandikia mambo uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu siku zote ulizokaa ulikuwa unaongea na karatasi na mimi najibu kwa kelele. Sasa nipe nafasi niongee nimetulia.

Ulipofika ukapiga magoti ukaniimbia kwenye sikio la kushoto. Niliona mishipa ya shingo imesimama. Nikatikisa kichwa. Ukahamia la kulia, nikatikisa tena, ukalia, nikacheka, kwa sababu pua yako ikilia ni ya bibi yako kabisa. Damaris akaniambia kwa mkono nina roho mbaya.

Ndipo nikaivuta obokano nikaung'ata mti, kwa haya meno manne niliyobakiza. Sikukuambia kitu. Nilitaka tu kuficha mdomo, ulikuwa unatetemeka. Na wewe, mtu wa kupewa vioo Ulaya, ukakielewa kitu ambacho sijawahi kukifundisha. Ukainama, ukaweka midomo karibu na ngozi ya ng'ombe pale kwenye tumbo la obokano, ukaimba humo ndani kama mtu anayepuliza moto.

Ikaja. Haikupitia mlango. Ilipanda na mti, ikaingia kwenye meno, ikajaa fuvu taratibu, kama ukungu unavyojaa bonde la Magwagwa kabla ya jua. Nyuzi saba zikaanza kutetemeka zenyewe, hakuna aliyezigusa. Nikakusikia wewe. Chini yako nikamsikia yeye, Nyanchama wa kwanza, na kikapu kikimgonga mgongoni. Sikufumbua macho. Nilijua nikifumbua kuna mmoja ataondoka.

Halafu nikakukamata. Ubeti wa pili. Nyanchama, unapanda juu kidogo kuliko inavyofaa. Lile kosa nililolibuni dukani kwa Urvish lipo kweli. Ndiyo maana niliupiga ule mti kwa kofi nikakufanya urudie, na ukarudia mara nne, na mara ya nne ukakaa pale pale alipokaa yeye.

Manasseh anasema kombe lilipewa msichana mwingine. Vizuri, alitilie maua.

Sasa nisikilize vizuri. Wimbo ule unapitia nyuzi saba, lakini pale kwenye ubeti wa pili unataka wa nane. Ulipokuwa hapa sauti yako ilikaa kwenye hilo pengo, sikulihisi. Tangu jana naung'ata mti, napiga, nafika pale, na kidole kinaanguka kwenye hewa. Nakaa hapo nangoja kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa.

Ulikuja na blanketi, ukaja na keki, ukaja na viatu ambavyo Damaris amevificha avipeleke kanisani. Kila kitu ulileta. Nimepekua mkoba ulioacha mpaka kwenye mshono, uzi hamna.

Fungua lile sanduku lako la shanga. Zimwage, hizo ni zako. Huo uzi ukunje kwenye bahasha, umpe dereva wa Urvish, anaondoka huko siku ya Ijumaa. Ni mmoja tu.

Sokoro wako,
Obadiah