Laini Niliyoichagua Mwenyewe Gendabi

Gendabi,
S.L.P. 57,
Katesh – Hanang.
10 Septemba, 2006.

Mpendwa dada Konsolata,

Shikamoo dada. Salamu zangu zikufikie huko Mtwara, wewe, shemeji na watoto. Je, kifua cha Letisia kimepona? Na joto la huko umelizoea? Sisi huku ni wazima, na mimi ndiye mzima kupita wote, maana nimeolewa! Kila asubuhi namwangalia Gerald akijifunga shuka lake tayari kwenda kwa ng'ombe, nasema moyoni, kweli huyu ni wangu? Usinicheke.

Barua yako niliipata. Nimeisoma na kuirudia, na kila nikiirudia nakasirika, kwa heshima zote dada. Unasema shangazi Verediana ana haki: kama hadi Krismasi sipatikani kwenye simu, nirudi Mbulu mjini nipangiwe chumba, na Gerald awe ananitembelea. Eti mtoto wa kwetu Maretadu akipotelea huko kwa wafugaji, nani atajua kama anakula au anapigwa? Tena unataka kunitumia simu ya kamera yenye laini kama yako, kwa kuwa hiyo ndiyo ya watu wa maana. Sitaki, dada. Ngoja nikueleze.

Siku ya harusi hukuwepo, kwa hiyo hukuona kituko changu. Huku bibi harusi akifika kwa mumewe hakubali kukaa mpaka wakwe wamwahidi mifugo. Nikaahidiwa ndama, nikasimama. Nikaahidiwa mbuzi, nikasimama. Baba mkwe (jina lake sasa silitaji, ndiyo heshima ya wake wa huku) akauliza, "Binti wa Wambulu, miguu yako ni ya chuma? Unataka nini?" Nikasema nataka simu, na mtandao nitachagua mwenyewe. Wanawake walicheka mpaka vigelegele vikakatika. Akasema, "Chagua. Lakini kaa, watu wana njaa." Nikakaa.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulinunua Mbulu, siku tulipokwenda kuwasalimu baba na mama, tukachukua kitochi, kile kisimu kidogo chenye tochi, pamoja na laini hiyo hiyo unayoisifia. Pale dukani mtandao ulijaa. Muuzaji akasema, "Anti, hii inashika hata ndani ya handaki!" Kufika Gendabi, kimya. Gerald wangu alipanda kichuguu, akapanda paa la nyumba, akainyanyua simu juu kama padri anayebariki watu. Hakuna kitu. Sasa nani alituambia tuijaribu Mbulu wakati tunaishi Hanang?

Basi nikautumia ubibi harusi wangu. Huku majirani huja kumwona bibi harusi, wakulima na wafugaji, kila mtu na maziwa yake au unga wake. Kila aliyekuja na simu nilimwomba laini yake, nikaiweka kwenye kitochi changu na kuzunguka nayo uani. Mama mkwe akaniambia, "Wewe mwana, wageni unawasalimu au unawapekua?" Lakini baadaye ni yeye aliyekuwa akimdaka mgeni mlangoni kabla hajakaa: "Umekuja na laini gani wewe?"

Hiyo laini ya watu wa maana haikushika popote. Nyingine ilishika kisimani tu. Lakini ile ambayo mjini wanaicheka kwamba ni ya washamba, dada, ilishika vizuri kabisa mlangoni kwa jiko langu, upande unaotazama Katesh! Siku ya soko nikajinunulia yangu.

Bado nilitaka kujua kuhusu malishoni, maana kiangazi Gerald hushuka na ng'ombe hadi kando ya ziwa Balangida kufuata magadi, akakaa huko bila kurudi nyumbani. Safari hii aliazima simu ya mwenzake yenye laini hiyo. Jioni nikasimama mlangoni na kitochi changu. Ikaita! "Hilda, unanisikia?" Nikamwambia, nakusikia kana kwamba umenilalia begani. Kumbe mama mkwe yuko nyuma yangu! Akasema tu, "Mwulize kama yule ng'ombe mweusi amezaa."

Kesho yake nikampigia shangazi. Hakuamini. "Uko sokoni Katesh wewe, usinidanganye." Nikaielekeza simu zizini asikie ndama wanavyolia. Akasema, "Sawa. Na siku mnara ukizimika?"

Hapo nikaelewa kwamba hata wakinijengea mnara uani kwangu, shangazi atakuwa na swali jingine. Nikamjibu kwa adabu, "Siku ukizimika, shangazi, nitakuwa hapa hapa na mume wangu. Panda basi uje, utakula nasi, uone kama nanyimwa." Akakata simu. Mimi nikaendelea kusonga ugali huku nikiimba.

Kwa hiyo dada, chumba cha Mbulu mpangieni mwingine. Simu ya kamera mpe Letisia akikua. Huku hakuna umeme, na kitochi nikikichaji Katesh siku ya soko kinakaa hadi soko jingine.

Nisalimie sana shemeji Bonaventura, na Letisia umbusu kwa niaba yangu. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama huko Mtwara watu wana ng'ombe. Mungu aitunze nyumba yako, na chakula chenu kisipungue.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga jioni, nikiwa napika. Ukiambiwa sipatikani, usiitishe kikao cha ukoo. Jua nimeizima simu, nimemfuata Gerald malishoni, na tuko wawili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikubishia,

Hilda, mke wa Gerald.