Mtaro Chini ya Rundo

Kitui Kusini,
14 Oktoba 2024

Muindi,

Habari ya Mtito Andei? Huku tuko salama, Mungu ni mwema, na Mama amepona homa. Natumia karatasi kwa sababu namba yako nilishaifuta.

Ulipokuwa dereva wa rola pale mgodini ulisimama kanisani ukaapa kwamba ule mchanga unaobaki madini yakishatolewa mnaushindilia, tabaka juu ya tabaka, mpaka maji hayapiti. Haya, njoo uone. Mvua imenyesha mara mbili tu, na maji mekundu yanatoka ubavuni mwa rundo, katikati kabisa, yanaingia kwenye kunde za Mama. Ulitudanganya, kisha ukakimbilia kazi ya barabara. Mwongo mkubwa wewe.

Dada yako,
Mbithe

Mtito Andei,
21 Oktoba 2024

Mbithe,

Msalimie Mama sana. Wewe sijui nikusalimu vipi.

Nilisema maji hayatapenya kwenda chini. Sikusema yatapotea. Mchanga ukishindiliwa, maji hukosa njia ya kushuka, yakatambaa juu ya lile tabaka gumu mpaka yakatokea pembeni. Hata hapo uani ukimwaga maji ya vyombo hayazami, yanakimbia. Mwenye mgodi ayachimbie njia ya kwenda mbali. Ninyi msiyazuie! Na Mama aende kwa shangazi Mbooni mpaka mvua iishe. Una kichwa kigumu, lakini sikia.

Kaka yako,
Muindi

Kitui Kusini,
2 Novemba 2024

Muindi,

Hatujambo. Mama hahami. Anasema hawezi kuacha kaburi la Baba kwa sababu ya mtoto mwoga.

Mgodini walitufungia geti. Basi kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kikaja na majembe, tukaimba, tukachimba mtaro mrefu wa fanya juu chini ya rundo na kuziba ncha zote mbili, vile tunafanya mashambani. Maji yanakaa humo, yananywewa na udongo. Kwenye kunde hakuna hata tone. Wanawake wameishinda rola yako, sasa nuna.

Dada yako,
Mbithe

Mtito Andei,
6 Novemba 2024

Mbithe,

Leo sina salamu.

Shambani mnazuia maji ili udongo ulowe. Hapo mnalowesha mguu wa rundo! Ukingoni rola haifiki vizuri, mchanga ni mlegevu. Ukinywa maji unakuwa uji, na mchanga wa juu wote unateremka. Zibua huo mtaro leo. Ningekuja mwenyewe, lakini uliapa kuniitia vijana wanipige. Nichukie ukitaka, lakini zibua.

Kaka yako,
Muindi

Kitui Kusini,
19 Novemba 2024

Kaka,

Hatuko salama.

Barua yako niliwasomea wenzangu wa mwethya baada ya maombi, tukacheka. Mwenyekiti akasema una wivu, nami nikaitikia.

Jumapili mvua kubwa ilitukuta kanisani. Rundo limeteleza, limefunika mtaro, kunde na jikoni. Mama alikuwa jikoni.

Mazishi ni Jumamosi. Njoo, tafadhali. Ila ukifika, usiseme kwamba ulituambia. Maneno hayo nayasikia kutwa, na hakuna anayeyasema.

Dada yako,
Mbithe