Kumbukumbu ya Mwalimu Anastacio Vera, Aliyewaingiza Watoto Chumba cha Baridi

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako ulipogoma ukiwa umekaa langoni pa shule, mahali ambapo mwalimu hakupaswa kukaa.

Nyumba hii ilikuwa haikosi watu. Umbea wa mtaa wetu wa Potrero Guavirá ulipita barazani kwako kwanza ndipo ukafika kanisani. Na darasani ulikuwa hivyo hivyo. Bati likiwaka na feni ni pambo tu, ulizungusha kikombe cha terere, chai yetu ya majani yenye barafu, mtoto kwa mtoto. "Kunyweni kwanza, jamani. Kichwa kikichemka hesabu hazikai."

Kisha zikaja kompyuta. Mkuu wa shule, Bi Nilsa Orué, akazifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi, zisipate joto. Zisipate joto! Watoto wanakaangwa chumba cha pili, mashine zinapepewa. Mlango ulifunguliwa wakija wakubwa wa wilaya tu. Wakipigwa picha, unafungwa.

Siku ile ya joto la kuua ulichukua ufunguo ukawaingiza wote. Zunilda wa jirani, aliyekuwa akisinzia tangu kengele ya kwanza, alichangamka, na kengele ya mwisho ilipolia aligoma kwenda nyumbani. "Bado kidogo, Mwalimu!" Na kweli, terere ilimwagikia mashine moja.

"Umeiua!" Bi Nilsa akapiga kelele.

"Imekufaje, mama? Lini iliishi?"

Mtaa mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Alikutoa darasani akakuweka langoni kufungulia magari. Darasa lako akampa mtu wa kuwanakilisha watoto yaliyo ubaoni. Zunilda aliacha shule, sasa anauza chipa, vile vimkate vya jibini, kituo cha mabasi, na akiulizwa anasema, "Nirudi kufanya nini kule?"

Mwezi uliopita huyo Bi Nilsa alikuja hapa, akakaa kiti chako, akanywa terere yetu. Eti anataka kuandika jina lako juu ya mlango wa chumba kile.

Mama akamuuliza, "Watoto wanaingia siku hizi?"

"Kwa utaratibu, Ña Porfiria."

"Utaratibu gani?"

"Wakija wageni."

Mama akampokonya kikombe kabla hajamaliza. "Basi andika majina ya wageni. La mume wangu liache."

Alitoka kama aliyemwagiwa maji. Tunaandika hapa ili asije akasema tulikubali. Hatukukubali.

Sala ya mwaka ni Jumamosi jioni, nyumbani. Chipa ipo ya kutosha, njooni wote na watoto wenu. Bi Nilsa naye anakaribishwa, ila aje na ufunguo, amkabidhi Mama mbele ya watu. Akija na shada la maua, alirudishe alikolinunua.

Unakumbukwa na mkeo Ña Porfiria, wanao Liduvina na Wilfrido, dada yako Eustaquia ambaye bado anakubishia kana kwamba upo, wajukuu, na wote uliowafundisha.

Wewe, Baba, hatutakusahau kamwe. Na waliokuweka langoni, nao hatutawasahau.