Sala Imemfikia Mwenyekiti

Getruda upo? Nimekimbia, hata unga nimeuacha mashineni.

Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali huko Lusewa. Hukuwepo kwenye sala ya jumuiya.

Juzi tulisali kwa Asumpta. Unajua mwanawe Crispin alichukuliwa na watu waliokuja na gari baada ya uchaguzi, mpaka leo kimya. Nikaomba kwa sauti, "Bwana, anayejua aliko Crispin asipate usingizi mpaka aseme." Wote wakaitikia, twakuomba utusikie. Ni hivyo tu!!

Sasa leo mashineni mwenyekiti wa mtaa kanijia anacheka. "Shikamoo mama Polikarp." Marahaba. "Kumbe mama unajua kusali! Eti anayejua aliko Crispin asipate usingizi mpaka aseme?"

Neno kwa neno, Getruda. Neno kwa neno!

Halafu akainama, akasema polepole, "Sali mama, ila waombee wagonjwa. Majina hayo yaache."

Yule hata si wa kanisa letu. Na mlango tuliufunga kwa sababu ya mvua. Tulikuwa watu sita tu, wale wale walionifuta machozi kwenye msiba wa baba Polikarp. Mmoja wao aliweka rozari mfukoni akaenda kumwambia mwenyekiti.

Nazipitia sura zao moja moja, nashindwa. Hata Asumpta nimemfikiria, Mungu anisamehe.

Alhamisi jumuiya ni kwangu. Asumpta ameniomba nimtaje tena mtoto wake. Nitamtaja, siachi.

Ila safari hii nitasali macho wazi.